Postnom Tutaiandika Wapi? Namna ya Kupima Site Kutoka Kikula

Kila mara mumoja wetu anamaliza kutengeneza site ya shule, ya kanisa ao ya kampuni fulani, anatuma linki hapa na sisi tunamujibu: "Félicitations, iko muzuri!" Tunasema hivyo juu ya rangi, juu ya logo, juu ya picha zenye zinajitembeza zenyewe. Ni wachache wenye wanafungua ile site kwenye telefone ndogo na kufanya nayo kazi mupaka mwisho: kuandikisha mutoto, kulomba kazi, kujua bei ya minerval. Leo nataka tuongee juu ya ile kazi ya mwisho, sababu njo inaonyesha kama site ni site ao ni kalendari ya kutundika kwa ukuta.

Wenye walisoma informatike wanamujua Jakob Nielsen, mutu wa Denmark, mwenye alitoa kanuni zake kumi katika mwaka wa 1994. Haiko mambo ya kuogopesha. Site ikuambie iko inafanya nini. Iongee maneno yenye mutu anajua. Ikuache urudi nyuma kama umekosea, na kosa ikitokea, ikueleze kwa lugha ya watu. Mwaka wa 2000, Steve Krug wa Marekani akaandika kitabu yenye wazo yake kubwa ni kwamba site haipaswi kumusumbua mutu akili. Yote ni kweli. Lakini nikisoma wale wakubwa, naona kama vile mutumiaji wao iko anaikala kwenye kiti, kuranti iko, koneksio haikatike, na mulango yake iko na adrese yenye posta inajua. Sisi tunapaswa kuongeza maulizo yetu.

Ulizo ya kwanza ni jina. Hapa kwetu mutu ana jina, postnom na prénom. Munajua historia: 1972, Mobutu na ile authenticité yake, majina ya ubatizo ikakatazwa, kila mutu akatafuta jina ya mababu. Kisha miaka, ile ya ubatizo ikarudi, lakini postnom haikuondoka. Sasa mutu wa Kikula anafungua fomu ya burse ao ya kazi kutoka inchi ingine, anakuta nafasi mbili tu: jina ya familia na jina ya kwanza. Postnom itaenda wapi? Mumoja anaifunga pamoja na jina, mwingine anaitia pamoja na prénom, mwingine anaiacha. Lakini diplome yake iko na majina tatu, karte ya électeur iko na tatu. Siku ya kulinganisha karatasi, yule wa buro anaona watu wawili mbalimbali, na dosie inawekwa pembeni. Hakuna mutu atakuandikia kukueleza ni juu ya nini. Wewe utafikiri ni points ndiyo zilikosekana.

Na hii haiko siri. W3C, ile shirika yenye kutunga kanuni za web dunia muzima, ilishaandika shauri yake juu ya majina ya watu wa inchi mbalimbali: kama hauko na sababu ya nguvu ya kukata jina vipandevipande, weka nafasi moja, mutu aandike jina yake yote vile anaitwa. Ni kazi ya dakika tano. Basi yenye inanikasirisha si wazungu wenye hawajui postnom ni nini. Ni sisi. Kijana wa Likasi anachukua mufano wenye ulitengenezwa tayari huko mbali, anabadilisha rangi, anaweka picha ya batiment ya shule, na ile fomu anaiacha vile ilikuwa, "First name" na "Last name", kwa ajili ya wazazi wa Panda na Shituru. Yeye mwenyewe ana postnom! Aliiandika kwenye buletini miaka kumi na mbili.

Ndugu ya postnom ni code postal. Adrese yetu ni avenue, namba, kartie, komini, basi. Rafiki yangu mumoja alijaza fomu ya kazi karibu saa muzima mu siber. Kufika mwisho, code postal, na kanyota kekundu pembeni. Akaacha tupu, ikakataa. Akaandika sufuri tano, ikakataa. Akaandika 1000, ile ya Bruxelles, ikakubali. Kwa hiyo ile kampuni, jina yake sitataja, iko na mutu wa Kikula kwenye mashini yake mwenye anaikala Ubelgiji. Tulicheka sana. Lakini mutu mwenye hana rafiki wa kumunongoneza ile namba angefanya nini? Angefunga, angelipa siber, angerudia nyumbani kwa miguu.

Kuna pia mambo ya wakati. Fomu fulani zinakufukuza kama umekaa dakika kidogo bila kufinya kitu. Hapa kuranti inaenda bila kuaga, koneksio inakatika, mutu anasimama kwenda kutafuta attestation katika malette ya baba. Akirudi, yote imefutika. Zile kanuni za kimataifa zenye zinaitwa WCAG, toleo la 2.0 la mwaka wa 2008, zinasema wazi: kama unaweka mupaka wa wakati, mupatie mutu uwezo wa kuuzima ao kuupanua mbele aanze, ao umujulishe mbele wakati haujaisha, na umupatie angalau sekunde 20 za kufinya ili wakati uongezwe. Zilitungwa kwa kufikiria zaidi walemavu. Lakini angalia vile zinamufaa mutu wa Kikula mwenye mikono yake na macho yake ni mizima!

Sasa uzito. Hapa nitamusifu mutu mwenye hamungefikiria. Site ya matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, si site yenye mutu ataweka kwenye mashindano ya uzuri. Inafanana na kitu ya miaka ya 90. Ukifungua matokeo ya kidato cha nne, unakuta orodha ndefu ya shule, herufi A mupaka Z juu yake, unafinya shule yako, na tabulo inafunguka: namba ya mutahiniwa, mwanamume ao mwanamuke, divisheni, na alama ya kila somo. Hakuna picha za kujitembeza, haikuombi kwanza ufungue konti na mot de passe. Ni maneno tu na mistari, na maneno ni mepesi. Mutoto wa kijiji mwenye ana mega kidogo anaweza kuona matokeo yake, na hata shule yote ya jirani. Kasoro iko, na si ndogo: kama ninajua namba yako, nitaona alama zako zote bila kukuuliza. Lakini kwa kazi yenye ilitengenezewa, inamufikisha mutu.

Kwetu, matokeo ya Examen d'État watu wanazoea kuyaomba kwa SMS. Unatuma code ya mutahiniwa, unalipa, jibu inakuja. Wengine wanaona ni kurudi nyuma. Mimi hapana: SMS inaingia hata kwenye telefone ya matoshi, haina haja ya mega. Shida yangu ni ile ya kulipa ili ujue kitu yenye ni yako.

Wajenzi wetu wanasahau hesabu. Picha moja ya telefone ya sasa, kama hauipunguze, inaweza kuwa na mega 3 ao 4. Weka kumi kwenye ukurasa wa kwanza: umeshamulia mutu mega 30 mbele asome neno moja. Ile picha ukiipunguza mupaka kilobaiti 100, kwenye telefone haataona tofauti kubwa. Waamerika wenyewe walifundishwa na upepo. Mwaka wa 2017, wakati kimbunga Irma ilikuwa inapiga Florida na koneksio ikawa mubaya, CNN iliwaelekeza watu kwenye ukurasa wake wa maneno matupu, bila picha na bila video, na ile ukurasa iko mupaka leo. NPR nayo ilifanya vile. Huko Irma ilipita. Hapa, jioni yote watu wanarudi nyumbani na kila mutu anashika telefone, iko inapiga.

Uzito na lugha ni ndugu, na watu hawalione. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, kazi ya MONUC na Fondation Hirondelle, na hewani inaongea lugha tano: Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Ni radio yenye tunaheshimu. Lakini ingia kwenye site yake: habari za kusoma ni za Kifaransa. Kiswahili unaikuta kwenye sauti. Piga hesabu. Sauti ya dakika kumi, hata kwa kilobiti 64 tu kwa sekunde, inafika karibu mega 5. Habari ya maneno 600 ni kilobaiti chache tu, hata mega moja haifike mbali. Maana yake mutu mwenye anajua Kifaransa anasoma kwa bei ndogo, na mama mwenye anajua Kiswahili tu analipa mara mia nyingi kwa habari ile ile. Sidhani kuna mutu alikaa akapanga vile kwa roho mubaya. Ila Katiba ya 2006, mu article yake ya kwanza, inataja Kiswahili kati ya lugha ine za taifa na inasema serikali inapaswa kuziendeleza bila ubaguzi. Ubaguzi wa mega nao ni ubaguzi.

Na tusikimbilie kutafsiri tu. Kuna masite yenye iliwekwa mu Kiswahili, lakini Kiswahili ya Dar es Salaam ya mu kamusi. "Wasilisha." "Nywila." Umuonyeshe tantine wa soko ya Kikula neno "nywila", atakuuliza kama ni ugonjwa. Sisi tunasema "tuma", tunasema "neno ya siri" ao "mot de passe" basi. Kiswahili sanifu ninaipenda na ninaisoma, lakini kifungo cha kufinya si mahali pa kumufundisha mutu maneno mapya. Nielsen alisema maneno yenye mutu anajua. Hakusema maneno yenye Baraza inajua.

Neno kidogo juu ya rangi, sababu najua munaipenda. Ile mutindo ya maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe, kwenye ekra kubwa ya buro inapendeza. Toka nayo inje saa sita ya mchana, mwezi wa kenda, jua ya hapa. Haioneke. WCAG inaomba tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma, na kuna programu za bure za kupima.

Zile programu ni nzuri, nitumie neno. Lighthouse ya Google inakupa points kutoka 0 mupaka 100, na wengi wetu wanazitangaza kama points za jury. Iko inapima uzito, inapima sehemu ya mambo ya rangi. Lakini site inaweza kupata 95 na isiwe na nafasi ya postnom, sababu Lighthouse haijawahi kwenda kwenye commune kuchukua acte ya kuzaliwa.

Kwa hiyo kuna kazi yenye mashini haitakufanyia. Nielsen aliandika mwaka wa 2000 kwamba watu watano wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya kasoro, na watano hapa hawakosekane. Chukua mama wa soko, pensioné mumoja wa Gécamines, mwanafunzi wa ISP, dereva wa taksi, na mudogo wako mwenye iko mu humanité. Mupatie kila mutu telefone yake mwenyewe, siyo yako. Sema: "Andikisha mutoto." Kisha ufunge kinywa. Hiyo ndiyo nguvu. Utaona kidole kinatafuta, utataka kusema "finya pale juu", na haupaswi kusema, sababu siku ile site itakuwa peke yake na mutu, wewe hautakuwa nyuma ya bega yake.

Nasikia kuna mumoja wetu iko karibu kumaliza site ya shule fulani mbele ya rentrée. Akituma linki, sitaandika félicitations haraka. Nitaifungua kwenye Itel ya dada yangu, saa sita ya mchana, inje, na mega 50 tu, na kitu ya kwanza nitatafuta ni mahali pa postnom.