Farasi 12 wa Mark X walikokwenda

Anayetafuta Toyota Mark X kwa kawaida huwa amewekewa mbele matoleo mawili: GRX120, lililoanza kuuzwa Japani Novemba 2004, na GRX130, lililotoka Oktoba 2009. La pili lina bei kubwa zaidi na sura mpya, kwa hiyo mnunuzi huamini kwamba nguvu nazo zimepanda. Kwenye injini ya lita 2.5 mambo ni kinyume. Toleo la kwanza lina nguvu za farasi 215, la pili lina 203.

Injini yenyewe ni ileile, 4GR-FSE: silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, kila moja ina kipenyo cha milimita 83, na pistoni inasafiri milimita 77. Ujazo haukuguswa. Kilichobadilika ni petroli. Toleo la kwanza lilipangwa litumie petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya Japani haitakiwi kushuka chini ya okteni 96. La pili likapangwa kwa petroli ya kawaida, ambayo kiwango chake huanzia okteni 89.

Okteni ni kipimo cha uvumilivu: petroli inaweza kubanwa kiasi gani bila kujiwakia yenyewe. Plagi hutoa cheche kidogo kabla pistoni haijafika juu, ili moto uwe umekolea pistoni inapoanza kushuka. Cheche ikiwahi zaidi, msukumo unaongezeka, hadi pale petroli inaposhindwa kuvumilia. Hapo sehemu ambayo moto haujaifikia hulipuka kivyake, na dereva husikia mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Noki sensa, kihisi kinachonasa mlipuko huo, hupeleka habari kwenye kompyuta ya gari, kompyuta inachelewesha cheche, injini inasalimika na nguvu zinapungua.

Ndiyo maana siamini hizo 215 mpaka nijue tangi limejazwa nini. Mwenye GRX120 anayejaza petroli ya okteni ndogo siku zote anakatwa farasi wake kimyakimya na kompyuta, akiwa njiani. Kwenye GRX130 wahandisi waliwakata mapema, kiwandani. Kwa petroli ya kawaida, magari haya mawili yanakaribiana kuliko karatasi inavyosema.

Tofauti ambayo mguu wa dereva unaihisi iko kwenye torki, ile nguvu ya kuzungusha. GRX120 inafikia kilele cha Nm 260 kwenye mizunguko 3,800 kwa dakika. GRX130 inafikia Nm 243, na inabidi isubiri mizunguko 4,800. Chukua mlima wa Kitonga, mkoani Iringa. Uko nyuma ya lori lililojaa, mbele pamefunguka, unakanyaga. La kwanza, likijazwa petroli iliyokusudiwa, linanyanyuka mapema na kupita bila makelele. La pili litapita pia, lakini litashusha gia na kuiacha injini ipige kelele kwanza. Wakati mwingine mizunguko 1,000 ndiyo inayoamua upite sasa au usubiri kona inayofuata.

Maendeleo ya kweli yako kwenye injini kubwa. GRX121 ya lita 3.0 ilikuwa na farasi 256 na Nm 314. Mrithi wake, GRX133 ya lita 3.5, ana farasi 318 na Nm 380. Ukigawanya kwa lita, unapata kama farasi 85 dhidi ya 91, maana yake ongezeko halikuletwa na ujazo peke yake. GRX133 nayo inadai petroli ya daraja la juu.

Kinachonivutia zaidi kwenye hiyo 3.5 ni nozeli zake. Injini za 2.5 na 3.0 hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Hewa inapoozwa vizuri, mgandamizo unaweza kuwa mkubwa, lakini mgongo wa valvu za kuingizia hewa haupati petroli ya kuuosha. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa, unaganda pale. Fungua manifoldi ya injini ya aina hiyo iliyotembea sana, umulike kwa tochi: utakuta masizi meusi, magumu, yamejikunja kwenye shingo ya valvu na kuifanyia hewa njia nyembamba. GX110 ya zamani, mtangulizi wa Mark X, yenye injini ya 1G-FE, pamoja na farasi wake 160 tu, haikuujua ugonjwa huu, kwa sababu petroli yake ilipita hapohapo. Kwenye 3.5 kila silinda imepewa nozeli mbili, moja ndani na nyingine kwenye njia ya hewa, na ya pili ndiyo inayoosha.

Kwa hiyo ukienda kulitazama gari, tafuta kibao cha utambulisho ukisome kabla hujaliwasha. GRX130 na GRX133 kwa nje ni ndugu wa kufanana, na kati yao kuna farasi 115.