Kishingo si "Shingo Uchi": Istilahi za Maumbile ya Kuku wa Kienyeji

Katika kuzipitia tafsiri za vijitabu vya ufugaji tumekutana mara kwa mara na "kuku mwenye shingo uchi" na "kuku mwenye manyoya yaliyovurugika". Maneno haya yanaeleweka, lakini yanampita kando mfugaji, ambaye tangu zamani humwita wa kwanza kishingo, na katika baadhi ya sehemu humwita wa pili kidimu. Vivyo hivyo jogoo amevikwa "taji" ilhali ana kilemba, akapewa "kucha ya nyuma" ilhali ana kikwaru. Mfasiri aundaye jina jipya pasipo haja haipanui lugha, aificha.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ni matumizi ya neno "aina". Twasoma kwamba kuchi ni aina, kishingo ni aina, na kuku mweupe naye ni aina. Kuchi, mwenye miguu mirefu, kiwiliwili kilichosimama na kilemba kidogo, ni mbegu: sifa zake nyingi hurithiwa kwa pamoja. Kishingo ni umbile moja tu, lililetwalo na jeni moja, nalo laweza kuingizwa katika mbegu yoyote kwa kupandisha. Kifaranga aliyeirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hubaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo. Aliyeirithi kwa wote wawili shingo yake huwa tupu karibu yote.

Tofauti hii si ya wanazuoni peke yao. Kishingo, kwa uchache wa manyoya yake, hupoza mwili kwa wepesi, nayo ni faida kubwa penye joto kali. Mfugaji akiambiwa kuwa hiyo ni "aina", atadhani hana budi kununua kundi jipya. Akiambiwa kuwa ni umbile, atajua kwamba jogoo mmoja wa jirani aweza kuliingiza katika kundi lake.

Huenda ikadaiwa kwamba "mbegu" ni neno la mimea. Lakini wafugaji husema mbegu ya ng'ombe, wala hakuna anayetatizika.

Twapendekeza, basi, "mbegu" na "umbile" yatenganishwe katika vitabu vyote, na neno "aina" liachiwe mazungumzo ya kawaida. Na kabla ya kuunda istilahi, mfasiri aende kwanza uani, akamwulize mwenye kuku.