Megahezi Chini ya Jua la Kalokol

Kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, kwa fedha za Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakikuangushwa na mitambo mibovu. Kilishindwa na hesabu ya joto. Kugandisha samaki katika jangwa lile kulitaka stima na maji safi kwa gharama ambayo samaki wenyewe wasingeweza kuilipa, na kiwanda kikafungwa baada ya siku chache tu za kazi. Haukupita muda mrefu, Ghuba ya Ferguson iliyokuwa ikitegemewa na wavuvi nayo ikakauka. Jengo likaishia kuwa ghala la samaki waliokaushwa, bidhaa isiyohitaji friji hata moja.

Joto lilelile ndilo linalompima fundi wa kompyuta wa Lodwar, kilomita zipatazo 60 kutoka hapo, kijana anapomletea mashine yake na lalamiko la ajabu: amepandisha mapigo ya kadi ya grafiki, yaani kasi yake kwa megahezi, programu inamwonyesha namba kubwa kuliko jana, na bado mchezo umekuwa mzito kuliko jana.

Kupandisha namba si kazi. Ni kusogeza kitelezi kwa kipanya katika programu kama MSI Afterburner, na mtoto wa shule ya msingi analiweza hilo. Kueleza kwa nini namba imepanda na kazi imeshuka, huo ndio ufundi, na ni wachache wanaoujua.

Mchezo wenyewe wa kupandisha mapigo una historia ndefu. Mwaka 1998 Intel iliuza Celeron 300A, chipu ya bei nafuu ya megahezi 300. Watu wakagundua kwamba basi ya ubao mama ikitolewa kwenye 66 na kuwekwa kwenye 100, chipu hiyo inakwenda 450 bila kulalamika. Kiwanda kilikuwa kimeacha akiba kubwa, na wajanja wakaila. Kadi za siku hizi hazina ukarimu huo. Zinajipandisha zenyewe, sekunde baada ya sekunde, kadiri joto, volteji na wati zinavyoruhusu. Anayesogeza kitelezi hudhani anaiamuru kadi. Kwa kweli anaiomba, na kadi ina ruhusa ya kukataa.

Kwa hiyo fundi mzuri huanza kwa kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Anaendesha jaribio moja, tuseme Heaven ya Unigine, anaandika fremu kwa sekunde, joto, wati na mapigo halisi, kisha anabadilisha kitu kimoja. Kimoja tu. Mwenye haraka hubadilisha vitatu kwa pamoja, na kadi ikiganda hajui amlaumu nani.

Baada ya hapo anasikiliza dalili, na kila dalili ina mlango wake. Mashine ikizimika ghafla na kujiwasha tena pindi mchezo unapokolea, macho yaelekee kwenye paua saplai, au, kwa wanaotumia sola, kwenye inveta inayozidiwa. Skrini ikimetameta vidoti na pembetatu za rangi zisizo na maana, mapigo yamepita uwezo wa chipu au wa kumbukumbu zake. Skrini ikiwa nyeusi kidogo kisha ikarudi, huenda Windows ndiyo iliyoiwasha draiva upya, kwa sababu kadi imenyamaza zaidi ya sekunde mbili, muda wa kawaida ambao mfumo huo huvumilia. Mchezo ukianza vizuri na kuzorota baada ya dakika kumi, ni joto. Ukiwa mzito tangu sekunde ya kwanza huku kadi inafanya kazi nusu tu ya uwezo wake, kadi haina kosa: prosesa ndiyo inayochelewa, na megahezi za kadi hazitaisaidia kitu.

Lipo kosa moja la kimyakimya ambalo limewatesa hata wazoefu, na linastahili kusimuliwa taratibu. Zamani, kumbukumbu ya kadi ikisukumwa kupita kiasi, picha iliharibika na ungeliona kosa kwa macho. Radeon HD 5870 ya AMD ilipotoka mwaka 2009, kumbukumbu zake za GDDR5 zilikuja na uwezo wa kugundua data iliyoharibika njiani na kuituma tena. RTX 3080 ya Nvidia, mwaka 2020, ikafanya hivyohivyo na kumbukumbu zake za GDDR6X. Kwenye kadi za namna hii picha hubaki safi na hakuna kinachoganda, ila kila data inayotumwa mara ya pili inakula muda. Kijana anaongeza megahezi na fremu zinapungua. Dawa ni kupanda hatua ndogo ndogo, kupima kila hatua, na kurudi nyuma pale fremu zinapoacha kupanda, hata kama kadi haijalalamika.

Kadi inayofaa sana kujifunzia ni GTX 1050 Ti ya mwaka 2016. Katika muundo wake wa kawaida haihitaji waya wa ziada wa umeme. Inavuta wati zake 75 kutoka kwenye ubao mama, kwa hiyo inakaa vizuri ndani ya kompyuta za ofisi za mtumba zenye paua saplai dogo. Ila wati 75 ndio mwisho wa kile ambacho tundu lile limepangiwa kutoa. Ukiipandisha mapigo, mara nyingi inagonga ukuta wa wati kabla ya ukuta wa joto. Programu ya GPU-Z ina mstari unaotaja sababu ya kadi kujizuia: wati, joto au volteji. Fundi asiyeusoma mstari huo anabahatisha.

Sasa tulete jua. Lodwar, joto la mchana ni wastani wa nyuzi 35 karibu mwaka mzima. Tuchukue kadi ambayo katika chumba cha nyuzi 20 inafika nyuzi 70 ikiwa kazini: imezidi hewa ya chumba kwa 50. Ipeleke kadi hiyohiyo kwenye kibanda cha mabati chenye nyuzi 38, nayo inaelekea 88. Kadi nyingi za Nvidia za kizazi cha 1050 Ti zimepangwa kuanza kujipunguza zikikaribia 83. Hakuna pesti mpya wala feni itakayoipoza kadi chini ya joto la hewa inayovutwa. (Kalokol ina nafuu moja: iko chini sana kuliko Nairobi, kwa hiyo hewa yake ni nzito zaidi na hubeba joto vizuri zaidi. Nafuu hiyo haitoshi kufidia nyuzi 38.)

Hapo fundi wa Turkana anafanya jambo ambalo mashabiki wa mapigo makubwa huona kama usaliti. Anashusha volteji. Wati za chipu hufuata mapigo, lakini hufuata volteji kwa kipeo cha pili. Ukitoka volti 1.05 hadi 0.95 bila kugusa mapigo, matumizi ya chipu yanapungua kwa karibu asilimia 18. Zile nyuzi 50 zinakuwa kama 41, na kadi iliyokuwa inaelekea 88 inatulia kwenye 79, bila kujipunguza. Si kila chipu inakubali, ndiyo maana inashushwa polepole na kupimwa kila hatua. Ikikubali, mapigo hayayumbi mchana kutwa, na fremu zinazidi zile za kadi iliyopandishwa kwa pupa. Huu ndio uhodari wenyewe, kuliko rekodi yoyote.

Hesabu hiyo ya joto imejengwa hata kwa mawe na lipu. Loropio, ufukweni mwa Ziwa Turkana, mbunifu Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepata Tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alisanifu kampasi ya Startup Lions, iliyokamilika mwaka 2021, ambako vijana wanajifunza kazi za kompyuta. Minara yake mirefu, iliyochukua mfano wa vichuguu vya mchwa, hutoa hewa moto juu huku hewa baridi ikiingia kupitia matundu ya chini. Anayeuliza nani anahitaji kadi ya grafiki katika nchi kame kama hii aanzie hapo, kisha amsome Lual Mayen wa Sudan Kusini: alijifunza kutengeneza michezo ya kompyuta katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, kwa laptopu ambayo mama yake aliiwekea akiba miaka mitatu, akitembea saa tatu kwenda kuichaji.

Basi wewe unayepeleka mashine kwa fundi, Lodwar, Kakuma au Kalokol, usiichukue asubuhi kwa sababu imefanya kazi asubuhi. Mwombe aijaribu saa tisa alasiri, kifuniko kikiwa kimefungwa, kwa nusu saa nzima, na akuonyeshe namba alizoandika.