Zana Zilizofichwa: Uhakiki wa Fani ya Mfumo Endeshi

Mfumo endeshi wa tarakilishi ni matini kama matini nyingine. Una fani, una maudhui, na anayeutumia huupitia kwa njia aliyotengenezewa na watunzi wake. Uhakiki huu unauangalia mfumo wa Windows kwa upande mmoja tu, yaani jinsi zana za mfumo na dirisha la amri zilivyoondolewa mahali pake pa zamani, na athari ya jambo hilo kwa mtumiaji ambaye lugha yake ni Kiswahili.

Katika Windows 7, toleo la mwaka 2009, njia ilikuwa moja na ilikuwa wazi. Mtumiaji alibonyeza kitufe cha kuanzia, akafungua orodha ya programu zote, kisha kundi la visaidizi. Humo alilikuta dirisha la amri, na kando yake kijaluba cha zana za mfumo: ya kusafisha diski, ya kupanga kazi, ya kuirejesha mashine katika hali yake ya awali. Hata asiyejua alichokitafuta aliweza kukiona akiwa njiani. Fani ya orodha ilikuwa fani ya kufundisha.

Windows 8, iliyotolewa mwaka 2012, iliivunja fani hiyo. Kitufe cha kuanzia kiliondolewa, na mahali pa orodha pakawekwa ukurasa wa vigae. Zana hazikufutwa, zilisetiriwa. Aliyebonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X alifunguliwa orodha fupi iliyokuwa na dirisha la amri, lakini hapakuwa na alama yoyote kwenye kioo iliyomdokezea kwamba orodha hiyo ipo. Kitufe kilirudishwa mwaka 2013 na orodha mwaka 2015 katika Windows 10. Hata hivyo, mwaka 2017 dirisha la amri liliondolewa katika ile orodha fupi, nafasi yake ikachukuliwa na PowerShell. Katika Windows 11 ya mwaka 2021 zana nyingi zilikusanywa upya katika folda moja.

Watetezi wa mtindo huu husema kwamba njia haina haja tena, kwa kuwa mtu aweza kuandika jina la zana katika kisanduku cha kutafutia na ikamjia papo hapo. Hoja hii ina ukweli, lakini ukweli wake ni wa upande mmoja. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga; ila kisanduku hiki humjibu vyema yule tu ajuaye jina la akitakacho. Orodha humpokea mgeni. Kisanduku humtambua mwenyeji.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Windows 7 na Windows 10 zilipatiwa vifurushi vya Kiswahili, hata maandishi mengi ya kioo yakaweza kusomwa na Mswahili. Lakini jina linalofungua dirisha la amri ni "cmd", kifupisho cha neno la Kiingereza, na ndani yake maneno ni "dir", "copy" na "del". Tafsiri iliishia mlangoni. Kwa muundo, amri hizo hazikipingi Kiswahili: kitenzi hutangulia, kitendwa hufuata, kama mtu asemapo "nakili hiki kule". Kinachokosekana ni msamiati.

Yamkini wengine wataliona jambo hili kuwa dogo. Si dogo. Mwanafunzi asiyezifikia zana za mfumo hawezi kuitengeneza mashine yake. Kila hitilafu humpeleka kwa fundi, naye hulipia kazi ambayo angeifanya mwenyewe kwa dakika chache. Maarifa yaliyofichwa huzaa utegemezi.

Hukumu basi ni hii: katika kutafuta wepesi, watunzi wa matoleo mapya walipata wepesi wa mjuzi na kupoteza mwongozo wa mwanagenzi. Mwalimu hana budi kuliziba pengo hilo. Na afundishe njia iliyodumu katika matoleo yote yaliyotajwa, ya kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R kisha kuandika "cmd". Na kila amri aieleze maana yake kwa Kiswahili, ili mwanafunzi aijue kabla hajaikariri.