Jinsi ya Kukagua Bweni la Makomando wa Anga

Ukitaka kujua kama mbunifu wa filamu ya anga za juu anaijua kazi yake, usimpime kwa roketi wala kwa bunduki. Hivyo hata mwanafunzi huvipatia. Mpime kwa mahali askari wake wanapolala. Bweni la kikosi maalumu ni seti ndogo. Halilipuki, halirushwi hewani, na mara nyingi huonekana dakika chache tu huku watazamaji wakitafuna bisi. Hata hivyo, hapo ndipo tunapotakiwa kuamini kwamba watu hawa wamekula, wamegombana na kukoromeana muda mrefu kabla kamera haijawashwa. Bweni likiwa la uongo, askari atakayekufa saa moja baadaye hatatuuma.

Kipimo changu ni hiki. Simamisha picha chumba kikiwa kitupu, au wafikirie wote wametoka. Je, unaweza kusema nani analala wapi, nani mkubwa wao, nani kaletwa juzi, na nani hatarudi? Ukiweza kujibu mawili kati ya hayo, fundi amefanya kazi. Ukiyajibu yote manne, mtafute jina kwenye orodha ya mwisho wa filamu ulikariri.

Anza na nafasi. Katika chombo chochote cha vita, nafasi hugawiwa kwanza silaha, mafuta na injini, na binadamu hupewa masalio. Somo bora la jambo hili halimo hata katika filamu ya anga. Limo katika Das Boot, filamu ya Kijerumani ya 1981 kuhusu nyambizi ya Vita vya Pili vya Dunia. Nyambizi za aina ile zilibeba watu wapatao 50 ndani ya bomba la chuma. Soseji na mikate vinaning'inia katikati ya mabomba. Choo kimoja kimegeuzwa stoo ya chakula, kwa hiyo wote wanapanga foleni kwenye kile kilichobaki. Anayetoka zamu anamwachia anayeingia kitanda chenye joto la mwili wake. Hakuna anayesimama kutueleza kwamba maisha ni magumu, maana chumba chenyewe kimeshasema. Mpigapicha wake, Jost Vacano, alikimbia na kamera katika ule ujia mwembamba mpaka nasi tukajihisi tutagonga vichwa. Miaka 16 baadaye, Vacano huyohuyo ndiye aliyepiga picha za Starship Troopers ya Paul Verhoeven, ile yenye bafu la pamoja ambamo wanaume na wanawake wanaoga wakipiga soga bila kuoneana haya. Dakika chache za bafu lile zinaieleza jamii nzima ya filamu: nchi iliyowageuza vijana wake kuwa mali ya jeshi hadi aibu ya mwili imekufa. Mbunifu mvivu angetuwekea bango la serikali ukutani.

Kwa hiyo, ukiona bweni la makomando ambalo mtu anaweza kucheza rede katikati yake, tia shaka. Linaweza kuwa sahihi, lakini lazima hadithi iwe na sababu ya kuwapa askari anasa hiyo.

Baada ya nafasi, tazama kitanda. Msomaji aliyepitia bweni la shule au hanga la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ana sifa zote za kuwa mkaguzi. Anajua kwamba kitanda cha chini ni benchi la kila mtu, mwenyewe apende asipende. Anajua kwamba wa juu ana amani lakini hana pa kuweka buti, na kwamba taulo iliyoanikwa ukingoni ina mwenyewe, na ole wako uiguse. Filamu nyingi hupanga vitanda vya deka kwa mstari, mablanketi yakiwa yamenyooshwa kwa rula, kisha basi. Hilo linafaa kwa makuruta. Kikosi maalumu hakiishi hivyo, kwa sababu askari aliyekwisha kurudi mara kadhaa kutoka kuzimu huachiwa ukaidi kidogo, na ukaidi huo lazima uonekane kwenye samani.

Wasanii wa katuni za Star Wars wamelielewa hili vizuri kuliko wengi wanaotumia waigizaji wa kweli. Katika The Clone Wars, askari wa kunakiliwa wa sayari ya Kamino wanalala katika vitundu vilivyochimbwa ukutani, vyeupe, vinavyofanana, kila mtu na tundu lake kama faili kwenye droo. Halafu inakuja The Bad Batch ya 2021, inayofuata kikosi cha askari walionakiliwa wakatoka na kasoro, kila mmoja na umbo na tabia yake. Wanaishi zaidi ndani ya chombo chao, kimebanana, vifaa vimeshonana, hakuna kona iliyonyooka. Anapojiunga nao mtoto wa kike, Omega, hana pa kulala. Wrecker, yule jitu lao, anamtengenezea chumba ndani ya kibanda cha mpiga mizinga. Tazama pale: wamegawa sehemu ya silaha ili mtoto apate pa kulaza kichwa. Kikosi kimekuwa familia, na habari hiyo tumeipata kwa mabadiliko ya matumizi ya kibanda kimoja, si kwa hotuba.

Sasa tufike kwa mzee wao wote, Aliens ya James Cameron, 1986. Chombo chao, Sulaco, kilichorwa na Syd Mead, na kwa nje kinafanana na bunduki iliyoelea. Ndani, askari wanaamka kutoka usingizi wa barafu katika kapsuli zilizojipanga kwa safu. Kapsuli zilikuwa ghali, basi wajenzi wa seti wakajenga chache na kuweka kioo ili zionekane nyingi. Usidharau ujanja huo. Fedha haipimi ubora wa seti. Kinachopimwa ni kama jicho limekamatika, na pale limekamatika kweli.

Lakini uhondo unaanza wanapoamka. Sajenti Apone hajafungua vizuri macho, sigara kubwa imeshafika mdomoni. Askari Vasquez ameshadandia chuma anajivuta juu kwa mikono kana kwamba hakutoka kwenye usingizi wa wiki kadhaa. Wengine wanalalamika, wana baridi, wamebaki na nguo za ndani, wanatafuta vitu vyao makabatini. Mwigizaji wa Apone, Al Matthews, alikuwa amepigana Vietnam akiwa askari wa majini wa Marekani, na sauti yake ya kuamsha watu si ya kujifunzia studio. Cameron aliwaruhusu waigizaji wapambe deraya zao wenyewe kwa maandishi na michoro, kama askari wa Vietnam walivyochora kofia zao. Matokeo yake ni kwamba ukisimamisha picha unaweza kumtambua mtu kwa kifua chake kabla hujamwona uso. Kuna kisa kimoja kinachofundisha zaidi ya vyote. Mwigizaji Michael Biehn aliingia kazi ikiwa imeshaanza, kuchukua nafasi ya James Remar, akakuta deraya yake imeshapambwa na ina moyo umechorwa kifuani. Hakuupenda. Aliuona kama shabaha aliyomwekea adui. Hiyo ndiyo tofauti kati ya alama ambayo mtu ameiweka mwenyewe na alama aliyobandikwa, na mkaguzi mzuri hujizoeza kuitafuta katika kila kabati na kila ukuta.

Kisha wanakaa kula. Bwalo lao lina meza zaidi ya moja, na hapo pana kazi ya ubunifu ambayo wengi huipita bila kuiona. Luteni mpya, Gorman, hakai na askari wake. Wao wanaliona na wanalisema, kwa dharau ya chinichini. Umbali wa hatua chache kati ya meza mbili umetuambia kwamba kikosi hiki hakitamtii mtu huyu mambo yakiharibika, na kweli yanaharibika. Bishop, mtu wa mashine, anacheza mchezo wa kisu kwenye meza ya askari, halafu anahamia meza ya wakubwa, na ni yeye peke yake anayevuka nafasi ile kwa wepesi. Nani anakaa wapi, nani anavuka, nani hathubutu: mbunifu aliyeweka meza moja ndefu angeipoteza habari yote hiyo.

Kuhusu rangi sina mengi. Kijivu na kijani cha jeshi vinatosha, na anayeleta zambarau awe na sababu.

Hewa ni jambo lingine kabisa, na ndipo filamu nyingi zinapofeli. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, mwanaanga hulala kwenye mfuko uliofungwa ukutani ndani ya kijichumba cha ukubwa wa kibanda cha simu. Feni lazima ziwe zinafanya kazi muda wote, kwa sababu pasipo uzito hewa ya moto haipandi, na hewa ukaa anayoipumua mtu inaweza kumkusanyikia usoni. Maana yake kituo hakina usiku wa kimya. Bweni la anga lisilo na mvumo wa feni ni bweni lililojengwa duniani. Tega sikio kabla hujakodoa jicho.

Wanaodhani mambo haya ni mapambo wamsome Galina Balashova. Alikuwa msanifu majengo katika ofisi ya Kisovieti iliyotengeneza vyombo vya anga, na kuanzia miaka ya 1960 alichora sehemu za ndani za Soyuz, kisha za vituo vya Salyut na Mir. Alitofautisha rangi za sakafu na dari ili mtu anayeelea ajue wapi ni chini, ingawa chini haipo. Alichora pia picha ndogo za mandhari kwa rangi za maji, zikabandikwa ndani ya Soyuz ili wanaanga wawe na cha kutazama kutoka nyumbani. Sehemu ile ya chombo huungua wakati wa kurudi, na picha ziliungua nayo. Wamarekani nao, walipotayarisha Skylab iliyorushwa 1973, walimwita mbunifu wa viwandani Raymond Loewy, naye akasisitiza wanaanga wawe na dirisha na mahali pa faragha. Dirisha, faragha, picha ya nyumbani: hivyo ndivyo watu wa kweli walivyohitaji. Ukimwona komando wa filamu hana hata kimoja, uliza kama mwandishi alikusudia kumnyima au amesahau tu.

Kipimo cha mwisho ni kigumu kuliko vyote, nacho ni kitanda cha aliyekufa. Battlestar Galactica, iliyorudishwa kwa tamthilia fupi mwaka 2003 na kuendelea kama tamthilia ndefu hadi 2009, inaongoza hapa. Marubani wake wanalala chumba kimoja, wake kwa waume, na faragha yao ni pazia la kitanda. Ndani ya chombo kuna korido iliyojaa picha za waliokufa na waliopotea, zimebandikwa hovyohovyo, moja juu ya nyingine, jinsi waombolezaji wanavyobandika, si jinsi mpambaji anavyopanga. Katika chumba cha maelekezo kuna picha ya askari aliyepiga magoti, na marubani huigusa wakitoka kwenda kuruka. Mazoea hayo madogo ya mkono yana uzito kuliko jiwe la kumbukumbu lenye dhahabu.

Kasoro za kawaida nitazitaja harakaharaka. Taa za buluu zilizofichwa chini ya vitanda, kana kwamba jeshi la kesho litaongozwa na wenye saluni. Silaha zilizotundikwa ukutani kichwani mwa mtu, wakati jeshi kwa kawaida hufungia silaha ghalani na kuziandikisha. Picha moja ya mchumba kwa kila askari, kama waligawiwa stoo. Na chumba cha kamanda chenye ukubwa wa ukumbi wa harusi. Kwa hili la mwisho, mchezo wa kompyuta Mass Effect 2 wa 2010 ni mkosaji ninayempenda: kamanda ana kitanda kipana, dirisha juu yake, na tangi kubwa la samaki katika chombo cha vita. Upuuzi mtupu. Lakini usipowalisha samaki wale wanakufa, nawe unarudi kutoka vitani unawakuta wameelea. Ghafla anasa imegeuka wajibu, na chumba kimekusuta. Nimewasamehe wabunifu wake.

Kama una jioni moja tu, tafuta Aliens, zima sauti, na utazame kuanzia kapsuli zinapofunguka hadi askari wanapoinuka mezani. Andika kwenye karatasi nani atamwacha nani na nani atasimama. Kisha washa sauti, umalizie filamu. Seti ile ina miaka kama 40, ilijengwa kwa kioo na kubana matumizi, na miongoni mwa mabweni ya makomando niliyoyakagua hakuna hata moja lililoipita.