Vioo si Uongo
Kule Dunkeld, Uskoti, kuna kijumba cha bustani kilichojengwa 1757 ili watu watazame maporomoko ya mto Braan. Mwaka 1783 kikajazwa vioo na picha ya Ossian, malenga wa kale. Picha ikisogezwa, lo! Maji ukutani, maji darini. Wordsworth aliyalaumu mapambo hayo katika shairi. Hapo mimi simfuati. Kioo hakikumdanganya mtu. Aliyetaka maji yenyewe alichungulia dirishani. Uongo ulikuwa kwa Ossian: mashairi yale kwa sehemu kubwa aliyatunga James Macpherson miaka ya 1760, akamtwika mzee wa hadithi. Basi, wenzangu wa kalamu, pambeni mnavyotaka. Ila shairi ulilotunga mwenyewe litie jina lako, bwana. Likianguka, lianguke nawe.