Fundi wa Chini ya Lori

Njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Tabora, na wapagazi wa Kinyamwezi waliishika kwa miguu, pembe za ndovu mabegani. Siku hizi mzigo hupanda lori, na likiharibika, anayeuokoa ni fundi wa kando ya barabara.

Lami imefika mbali, sikatai. Lakini mbolea ya tumbaku huenda vijijini, ndani ndani ya Urambo na Sikonge mkoani Tabora, tena mvua zikiwa zimeanza. Huko ndiko springi zinakokatika. Fundi hutandika ubao ili jeki isizame topeni, kisha hukingia gogo, maana jeki peke yake haiaminiki. Hulala chali chini ya tani kadhaa, hugongagonga nati zilizoshikwa na kutu, huchomoa pleti iliyokatika na kupachika nyingine aliyoitoa kwenye lori bovu. Maji ya tope humwingia shingoni. Utingo humshikia tochi. Dereva, gari likishapona, huanza kulia bei!

Ukikwama huko fundi akakukwamua, mlipe mlichopatana kabla hujawasha gari.